Daftari linasema 104, kitambaa kinasema 94: kosa liko wapi?

Fundi wa Kadutu

Jambo kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu. Nauandika usiku baada ya kufunga mashini, na jambo lenyewe limenikaa kichwani tangu juzi.

Kuna mama mteja wangu wa siku nyingi hapa Kadutu, Bukavu. Aliniletea kikwembe, yaani kitenge, cha yadi sita, rangi ya udongo na maua ya buluu, nimshonee sketi ndefu na blauzi za kuvaa kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Nikampima, nikaandika kwenye daftari: kiuno 82, nyonga 108, urefu 104. Jioni nikatandaza kitambaa mezani. Sasa, utepe wangu wa kupimia umechakaa. Kile kichuma cha ncha kilitoka zamani, namba za mwanzo zimefutika kwa jasho la vidole, kwa hiyo huwa naanzia kwenye 10 na mwishoni naongeza 10. Urefu wa 104 naukomesha kwenye 114. Nimefanya hivyo miaka, sihitaji hata kufikiri. Siku hiyo nilianzia kwenye 10 kama kawaida, nikatia chaki kwenye 104, huku moyoni narudia "mia na nne, mia na nne". Nikakata. Makasi yalipotoka upande wa pili nikaona kitambaa kilichobaki ni kingi kuliko nilivyozoea, tumbo likanishika.

Nikapima tena. 94.

Tazameni nilichofanya na nisichofanya. Niliangalia daftari, nikaangalia kitambaa, havikupatana. Sikuchukua kalamu nikafuta 104 na kuandika 94. Hakuna fundi angefanya hivyo. Lakini kama mwanafunzi wangu angekuwa pembeni, nimemwambia aandike tu kile anachoniona nakata, naye akaandika 104, basi yeye ndiye angefuta. Madaftari mawili, namba ileile, kitambaa kilekile. Moja linasahihishwa kwa kalamu. Jingine kalamu haina kazi kwake.

Jambo hili nililisoma kwa mwanafalsafa Elizabeth Anscombe nikiwa chuoni, kabla mama hajaniachia mashini yake. Alizaliwa Limerick, Ayalandi, mwaka 1919, akawa mwanafunzi wa mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein. Katika kitabu chake cha 1957 juu ya kusudi, anatuonyesha mtu anayezunguka mjini na orodha ya vitu vya kununua, na nyuma yake mpelelezi anayeandika kila anachonunua. Mtu akifika nyumbani na majarini wakati orodha inasema siagi, hawezi kumwambia mkewe "ngoja nisahihishe" kisha akabadilisha neno kwenye orodha. Mpelelezi ndiye mwenye ruhusa hiyo. Kwa mpelelezi kosa liko kwenye maandishi, kwa mnunuzi liko kwenye tendo. Anscombe anatia sharti dogo ambalo wengi hulipita: ikiwa kutopatana huko peke yake ndilo kosa. Maana orodha nayo yaweza kuwa mbovu kwa namna yake, kwa mfano umeandika kitu ambacho ungepaswa kujua hakipatikani.

Hapo nakubaliana naye kabisa. Kinachonisumbua ni hatua inayofuata. Anasema mtu anayetenda kwa kusudi anajua anachotenda, wala hakijui kwa kujichunguza kama mpelelezi anavyomchunguza. Ukiniuliza "unafanya nini?" siangalii mikono yangu kwanza ndipo nikujibu. Sawa. Lakini mimi juzi nilijiambia nakata 104, kumbe nakata 94. Je, makasi yalipokuwa yanapita, nilijua ninachofanya?

Mwalimu wa Bagira

Fundi, pole kwa kitambaa cha watu. Nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa ndipo wapenzi wa Anscombe wanapoteleza.

Kinachojulikana lazima kiwe kweli. Huwezi kujua kwamba Bukavu iko kando ya Ziwa Tanganyika, maana haiko. Ulijiambia unakata 104, haikuwa kweli, basi hukujua. Ulikuwa na imani juu ya tendo lako, imani ikaanguka. Kwa nini tuipe jina kubwa la ujuzi wa kutenda?

Tena nakuongezea. Anscombe mwenyewe anaazima kwa Theophrastus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, tofauti kati ya kosa la kutenda na kosa la hukumu. Lako naliweka kwenye kapu la pili. Ulidhani kwamba kutoka 10 hadi 104 ni 104. Hiyo ni hesabu mbaya tu. Mkono ulitii vizuri kabisa kile ambacho kichwa kilidhani.

Fundi wa Kadutu

Aksanti Mwalimu. Naanza na hesabu, la ujuzi nitalirudia.

Sikuwahi kudhani kwamba 10 hadi 104 ni 104. Ungeingia dakika ile ukaniuliza, ningekujibu 94 kabla hujamaliza swali. Hesabu nilikuwa nayo, sikuitumia. Mlinganishe na mwanafunzi mgeni ambaye kweli hajaambiwa habari ya utepe huu. Ataanzia kwenye 10, ataweka chaki kwenye 104, na moyo wake utatulia. Kitambaa chake na changu vitalingana, 94 kwa 94, ukivipanga mezani hutavitofautisha. Lakini yeye lazima nimkalishe nimfundishe. Mimi hakuna cha kunifundisha. Yeye amekosa kwenye hukumu. Mimi nimekosa katika kutenda.

Kiswahili chetu kinaliona hili. Kuna kukosa: unakosa shabaha, unakosa nauli, unakosa adabu. Halafu kuna kukosea: unakosea njia, unakosea namba, unakosea mlango. Mtu anayetangatanga tu mtaani Nyawera bila kwenda popote hawezi kukosea njia, hata akiishia kwenye uchochoro usiotoka. Anayeweza kukosea njia ni yule anayejua anakokwenda. Ondoa kichwani mwangu kujua kwamba namshonea yule mama sketi ya 104, na kilichobaki mezani ni kitambaa cha sentimita 94. Kitambaa cha sentimita 94 si kosa la mtu yeyote.

Muuguzi Goma

Kaka Fundi, nimesoma mara mbili. Naomba niseme kitu kutoka kazini, na sisemi ni wapi.

Zamu ya usiku, umeme umekatika, simu nimeibana kati ya shingo na bega inimulikie. Nachanganya dawa ya unga ya mtoto. Tumefundishwa kama sala: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, saa sahihi. Nayasema kwa sauti kila mara. Mdomo wangu ulisema "maji ya kuchanganyia", na vidole vilikuwa vimeshika potasiamu. Vyote ni vichupa vidogo vya plastiki, vinaangaza, vinafanana. Nilikwisha kukivunja shingo. Kilichonishtua ni kidole gumba: kichupa kilivunjika kwa ugumu ambao si wa maji ya kila siku. Nikageuza mwanga, nikasoma. Nikakaa chini sakafuni.

Mtoto hakuguswa. Lakini tangu siku ile mtu akiniambia kuna kujua unachofanya bila kutazama, naogopa. Mimi nilijua bila kutazama, na ndiyo maana karibu niue. Huyo Anscombe angekuja zamu ya usiku angesema hivyohivyo?

Wakili Lushi

Dada, pole sana. Huo mfano wako una uzito kuliko sketi na siagi.

Nami nitie neno kutoka Lubumbashi. Sheria yetu ya jinai ya Kongo, kifungu cha 52, inamtia hatiani mtu aliyeua au kujeruhi kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari, bila nia ya kumdhuru mwenzake. Kwa hiyo hata mahali ambapo kusudi la kudhuru halipo, sheria haikuachi. Inakuuliza ulikuwa wapi wewe mwenyewe wakati mkono wako unatenda.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin aliandika mwaka 1956 juu ya visingizio, na akatoa mfano wa punda wawili malishoni, wako na wa jirani. Ukimpiga risasi wa jirani ukidhani ni wako, umefanya kwa kukosea. Ukimlenga wako, akasogea wakati unafyatua, akaanguka wa jirani, hiyo ni bahati mbaya. Kortini watu huchanganya maneno hayo kila siku, na mtu anaweza kufungwa au kuachiwa kwa sababu ya kuyachanganya.

Na kuna jambo linalonigusa kuhusu Anscombe ambalo sijaona mtu wa kwetu akilitaja. Mwaka 1956 chuo kikuu cha Oxford kilitaka kumpa Harry Truman, rais wa zamani wa Marekani, shahada ya heshima. Anscombe akapinga, kwa sababu ya mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki. Alisema kuchagua kuwaua wasio na hatia ili ufikie lengo lako ni mauaji. Mwaka uliofuata ndipo kikatoka kitabu anachokisema Fundi. Sasa kumbukeni sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilitoka Shinkolobwe, huku kwetu Katanga, karibu na Likasi. Waliochimba walichimba kwa kusudi. Ungewauliza "kwa nini mnachimba?" wangekuwa na jibu: mshahara, watoto, amri ya mzungu. Ungewauliza "kwa nini mnatengeneza bomu?" wasingekuwa na la kusema, hawakujua. Tendo moja la mkono, majina mawili. Kwa jina moja ni lao. Kwa jina la pili ni la watu wengine waliojua. Sizungumzi hili kama mfano wa darasani. Kuna familia huku ambazo babu zao walibeba mawe yale.

Mama Bikwembe

Mimi nauza bikwembe, falsafa sikusoma. Nauliza tu: yule mama atalipwa kitambaa chake? Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini kitambaa hakirudi.

Fundi wa Kadutu

Mama, shikamoo. Kitambaa ni mzigo wangu, nimemwambia hivyo mwenyewe. Na methali yako imesema neno "kosa" mara nne kwa maana mbili: kosa la kwanza ni la mkono, la mwisho ni la mtu. Aliyelirudia tunamlaumu kwa sababu sasa hawezi kusema hakuliona.

Dada Muuguzi, swali lako limeninyima usingizi. Nakujibu kwa kadiri ya uwezo wangu.

Anscombe ana mfano wa kuandika ukiwa umefumba macho. Ukifumba macho sasa hivi ukaandika jina la mtoto wako, unajua umeandika nini, hukuhitaji kusoma. Ila herufi zitapanda na kushuka, mstari utaingia juu ya mstari. Macho yanakusaidia maandishi yatoke vizuri. Hayakuambii unaandika nini. Yeye anauliza kama kazi yote ya kutazama, tunapotenda, si ya namna hiyo. Sasa turudi kwenye kichupa chako. Ulipogeuza mwanga ukasoma "potasiamu", lebo ilikuambia umeshika nini. Lakini mtunza ghala naye anaisoma lebo hiyohiyo mchana kutwa bila kukaa sakafuni. Wewe ulikaa sakafuni kwa sababu ulijua tayari unamchanganyia mtoto dawa, na hilo lebo haikukuambia, wala simu, wala kidole gumba. Kidole kilikushtua kwa sababu kilikuwa ndani ya kazi hiyo.

Kwa hiyo sidhani angekuambia usitazame. Kutazama ni sehemu ya tendo lenyewe, kama vile kuongeza 10 ni sehemu ya kupima kwangu. Zile "sahihi" tano ni tendo linalojilinda. Nakubali pia kwamba ukiyasema kwa mdomo huku macho yako kwingine, yanageuka wimbo, na wimbo haulindi mtu. "Mia na nne" yangu ilikuwa wimbo.

Wakili, ulichosema kuhusu majina mawili ya tendo moja ndicho kitakachonijibia Mwalimu. Anscombe anasema tendo la kusudi ni lile ambalo swali "kwa nini?" linaligusa, likiwa linaomba sababu ya mtendaji. Na swali hilo linakataliwa kwa jibu hili: sikujua kama nafanya hivyo. Haya, niulizeni. Kwa nini ulikuwa unakata kile kikwembe? Namshonea mama sketi ya harusi. Swali limepokewa. Kwa nini ulikata 94? Sikujua kama nakata 94. Swali limerudi mlangoni. Mkono ni mmoja na makasi ni mamoja, lakini kwa jina la kwanza tendo lilikuwa la kusudi na nililijua, kwa jina la pili halikuwa la kusudi wala sikulijua. Mwalimu anasema ujuzi wangu ulianguka. Nasema ulianguka katika kipande kimoja cha kazi, na ulisimama katika kazi nzima. Uliosimama ndio ulionifanya nipime tena.

Jambo jingine ni la lugha. Sisi tuna "ninashona" na "nimeshona", na kila mtoto anajua kwamba la kwanza halijaahidi la pili. Ukinikuta nakunywa chai mchana ukaniuliza niko kwenye nini wiki hii, nitasema ninamshonea mama fulani sketi, na nitakuwa nasema kweli huku nimeshika kikombe. Nikikosea mshono, nikafumua, bado ninashona sketi, hata wakati ule nafumua. Mtu anayefumua yuko ndani ya kushona kuliko mwingine yeyote. Kwa hiyo ukweli wa "ninashona" unavumilia makosa mengi njiani. Usichovumilia ni kuacha.

Mwalimu, na lile la imani? Mwanafalsafa Donald Davidson wa Marekani alitoa mfano wa mtu anayeandika kwa kukandamiza kalamu ili atoe nakala kumi kwa karatasi za kaboni. Hana hakika kama nakala zote zinasomeka. Lakini kama anazitoa, anazitoa kwa kusudi. Wengi huutumia dhidi ya Anscombe: unaweza kutenda kwa kusudi bila kujua kama unatenda. Mimi mfano huo ninao mezani usiku huu. Shule zinakaribia kufunguliwa, nina sketi za buluu za wanafunzi, matabaka manane nimeyalaza moja juu ya jingine, nimeyabana kwa vibanio na kuyakandamiza kwa mawe mawili ya kando ya ziwa. Nimekata yote kwa mara moja. La juu naliona. La nane sijui. Kitambaa hiki huteleza. Nitayafungua asubuhi.

Mwalimu wa Bagira

Fundi, kwenye hesabu nimekuachia. Mfano wa mwanafunzi mgeni umenishinda, maana nilitaka kuwaweka nyinyi wawili kwenye kapu moja na siwezi.

Kwenye kazi nzima na kipande, nakubali nusu. Umeonyesha kwamba ulijua kitu. Hujaonyesha bado kwamba kile ulichokijua hakikuwa imani ya kawaida juu ya nia yako. "Namshonea mama sketi" inaweza kuwa maana yake ni "nataka kumshonea na naamini nitamaliza". Nasubiri matabaka yako. Ukikuta la nane limeharibika, niambie: ulilikata kwa kusudi au hukulikata kwa kusudi? Usinijibu kwa majina mawili haraka hivyo.

Muuguzi Goma

Kaka, "wimbo haulindi mtu" nimeiandika kwenye karatasi. Aksanti. Mimi sasa nasoma lebo kwanza ndipo mdomo unafuata, na vile vichupa vya potasiamu tulivihamishia kabati jingine. Hilo la kabati lilikuwa wazo la mwenzangu, halikuwa langu.

Fundi wa Kadutu

Nimeyafungua. Saba sawa kabisa. La nane lilijikunja chini ya jiwe, limepungua sentimita tatu upande wa kushoto.

Mwalimu, nitajibu polepole kama ulivyotaka. Lile la nane nililikata kwa kusudi. Ukiniuliza kwa nini nilikata tabaka la nane nina jibu: wanafunzi ni wanane. Kulipunguza sikulipunguza kwa kusudi, na ukiniuliza kwa nini nililipunguza, jibu liko kwa kibanio kilicholegea na jiwe, mimi naweza tu kulichunguza kama mtu mwingine yeyote angelichunguza. Hapo Davidson yuko sahihi: usiku sikujua kama matabaka yote yanatoka sawa. Lakini angalia usiku huo nilifanya nini kwa sababu ya kutojua. Nilibana, nikaweka mawe, nikapanga kufungua asubuhi kabla ya kushona, nikaacha kitambaa cha akiba pembeni. Mtu mwenye imani tu kwamba mambo yatakuwa sawa angelala. Imani ikivunjika, unabadilisha imani. Mimi asubuhi sikubadilisha chochote kichwani. Nilichukua kile cha akiba nikakata la nane upya, peke yake, juu ya meza, jicho likiwa juu yake. Ukiniambia hiyo nayo ni imani, nitakuuliza kwa nini inasahihisha kitambaa badala ya kujisahihisha yenyewe.

Sasa yule mama. Amekuja jana kujaribu. Sketi ya 94 nimeiunganishia ukanda mweusi wa sentimita 10 chini, nimeupiga pasi mpaka ukalala vizuri. Akajizungusha mbele ya kioo, akapenda. Dada yake aliyemsindikiza akaniuliza kama huo ni mtindo mpya. Nikiri kwamba neno "ndiyo" lilinifika kwenye ulimi. Ningelisema, ningekuwa nimechukua kalamu na kufuta ile 104. Nikamwambia hapana mama, hapo nilikosea kukata, nikaunga. Wakacheka wote wawili. Pesa ya kushona ya yule mteja wangu sikuichukua.

Yule dada akasema yeye anaitaka hivyohivyo. Nimempima urefu: mrefu kama mwenzake. Kwenye daftari nimeandika: sketi 94, ukanda 10.